Haimo Kwenye Orodha

Tulimwita Orodha, naye hakuona kosa. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho alichoning'iniza shingoni, lakini nadhani hata mkewe alikuwa ameanza kulisahau. Kampuni yetu ya bima ya afya ilikuwa na mkataba na hospitali na zahanati mia mbili na kumi na tatu, na Orodha alizijua zote kichwani: ipi ina daktari wa macho, ipi hufunga Jumapili, ipi imeondolewa mwezi uliopita kwa kupandisha bei kinyemela. Watu walikuwa wakimjaribu kwa utani. Mtu anapita mezani kwake anasema, "Orodha, jino la mtoto, upande wa kiwanda cha saruji." Yeye bila kuinua kichwa kwenye faili anataja mbili, kisha anaongeza kwamba ile ya pili ngazi zake ni za kuvunja watu miguu.

Nilikaa naye meza kwa meza miaka kumi na mmoja, tukitazamana. Kazi yetu ilikuwa kuhakiki madai ya wanachama waliotibiwa nje ya hizo hospitali zetu. Mtu ameugulia ugenini, au ameingia hospitali aliyoipenda mwenyewe, analeta risiti zake, sisi tunaamua kama kampuni italipa. Mara nyingi ilikuwa hailipi. Sitaki kuuma maneno: tulikuwa watu wa kusema hapana, na Orodha alijua kusema hapana kuliko sisi sote. Hakufoka hata siku moja. Alimwita kila mwanamke mama na kila mwanamume baba, akamfafanulia kifungu polepole, akamwonyesha hospitali ya kwenda safari nyingine, na mtu akaondoka akishukuru wakati hana kitu mkononi. Mimi nilikuwa nafokeana nao. Hasira zangu ziko karibu, hata leo ziko karibu.

Alikuwa na sababu ya kuipenda ile orodha. Mama yake alikuwa mfagiaji wa wodi, na wao walikaa kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali, vyumba viwili na jiko la nje. Tangu akiwa mdogo aliona watu wanafika na wagonjwa wao mgongoni wanaambiwa hapa sipo, nendeni kule. Wakifika kule wanarudishwa. Aliniambia wengine walikuwa wanazunguka mji mzima kabla ya kupata kitanda. Kwa hiyo alipopata kazi ya bima aliona amepata dawa ya jambo hilo. Mtu akijua mapema pa kwenda, alisema, hapotezi muda. Aliliamini hilo kwa moyo wote. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi usiolala, alikuwa akitucheka: eti siku mume wake akifa, malaika watamfungulia mlango naye atauliza kwanza kama pepo imo kwenye orodha.

Sasa nieleze habari ya waraka. Ulifika Jumanne. Ulitoka kwa mamlaka inayosimamia kampuni za bima, kurasa nne, na ukurasa wa kwanza wote ulikuwa kumbukumbu namba na marejeo ya nyaraka za nyuma. Ofisini kwetu waraka hauwi waraka mpaka uzunguke. Unabanwa mbele karatasi yenye majina yetu saba, unaanzia meza ya mlangoni, kila mmoja anasaini kwamba amesoma na kuelewa, kisha anausukuma kwa jirani yake. Ukimaliza mzunguko unarudi kwa mkuu wa kitengo, naye anaufungia kabatini. Tulikuwa tunasaini kama mtu anavyoitikia salamu njiani, mdomo unajibu na miguu inaendelea na safari. Saini yangu ilikuwa ya tano na ya Orodha ya sita. Nakumbuka nilimsogezea huku nikimsimulia bomba la maji lililopasuka mtaani kwetu, akasaini akicheka.

Ukurasa wa tatu ulisema, na sasa naweza kuutamka nikiwa nimefumba macho, kwamba mgonjwa wa dharura atapokelewa na hospitali yoyote iliyo karibu naye, iwe na mkataba na bima yake au isiwe nao. Bima italipa kwa viwango inavyolipa hospitali zake. Hospitali nayo haitamfuata mgonjwa kumdai kinachobaki. Amri hiyo ilianza kutumika tarehe mosi, na tarehe mosi ilikuwa imekwisha kupita. Maana yake, kwa mtu aliyezidiwa, orodha ilikuwa imekufa, na sisi saba tulikuwa tumesaini kwamba tunajua.

Ijumaa ya wiki hiyo hiyo mpokea simu wetu alikuwa anaumwa jino. Alimwomba Orodha amshikie nafasi mpaka arudi kutoka kwa daktari, na Orodha, mtu asiyejua kukataa akiombwa na mwenzake, akaenda kukaa mapokezi. Mimi nilikuwa natoka jikoni na kikombe cha chai. Nilipita nyuma yake nikamsikia akisema kwa sauti yake ile ya upole:

"Pole sana, mama. Hapana, hiyo haimo kwenye orodha. Mpeleke ile ya ng'ambo ya mto, wana vifaa vyote vya moyo. Ndiyo, mama. Nenda tu moja kwa moja."

Akarudisha mkono wa simu mahali pake. Akalivuta daftari la simu aandike, akaona safu zilivyojaa vifupisho vya mpokea simu ambavyo yeye hakuvielewa, akaliacha. Nami nikaenda kunywa chai yangu.

Wiki iliyofuata mkuu wa kitengo alituita kikao. Hospitali moja ilikuwa imelalamika kwamba tunakataa kulipa dharura, na mamlaka imeandika kuuliza. Akautoa waraka kabatini, akausoma ukurasa wa tatu kwa sauti, neno kwa neno, kama anawasomea watoto wa darasa la kwanza. Orodha akanyoosha mkono.

"Samahani, mkuu. Umeanza lini?"

"Tarehe mosi. Mbona unauliza? Saini yako hii hapa."

Orodha aliomba ruhusa ya kutoka. Alipokawia nilimfuata, nikamkuta stoo ya mafaili, amekaa juu ya boksi, tai ameilegeza. Ndipo akaniambia jambo ambalo mimi, niliyepita nyuma yake na chai, sikuweza kulisikia.

"Yule mama wa Ijumaa gari lake lilikuwa limesimama, dada," alisema. "Nilisikia indiketa. Tik, tik, tik. Alikuwa ameshawasha kukata kuingia getini, anangoja mimi niseme. Nikamwambia haimo. Indiketa ikazima. Halafu akasema ahsante."

Nilimwambia huenda mgonjwa alifika salama. Nilimwambia ng'ambo ya mto si mbali. Wote wawili tulijua kwamba daraja lilikuwa linafanyiwa ukarabati na magari yanapita kwa zamu, upande mmoja baada ya mwingine.

Zilipita wiki tano, ndipo mwanamke mmoja akaingia ofisini kwetu, amevaa gauni jeusi na viatu vya kutembelea safari ndefu. Orodha ndiye aliyekuwa dirisha la wateja.

"Karibu, mama. Tukusaidie nini?"

Yule mwanamke alimtazama Orodha muda mrefu, mpaka mimi nikaacha nilichokuwa naandika. Kisha akaeleza, taratibu, kama mwalimu, na kweli alikuwa mwalimu wa chekechea. Mume wake alikuwa fundi wa lifti. Ijumaa moja alirudi nyumbani mchana, anashika kifua, jasho linamtoka. Alimwingiza kwenye gari, akaendesha mwenyewe. Hospitali iko dakika nne kutoka kwao. Alipofika getini alikumbuka kwamba haijawahi kuwa ya bima yao, akapiga simu ofisini kuuliza. Akaambiwa aende ng'ambo. Walikaa kwenye foleni ya darajani zaidi ya nusu saa, na mumewe akakata roho pale pale, mkono wake umemshika yeye bega. Kule ng'ambo walipokea maiti.

"Sikuja kudai fidia," alisema. "Nataka barua. Iandikwe kwamba nilipiga simu hapa, nikaambiwa nisiingie pale."

"Barua ya nini, mama?" Orodha aliuliza.

"Ya kumwonyesha mama mkwe wangu. Ndugu za mume wangu wanasema nilipita getini kwa kuogopa gharama. Wananiita mkono wa birika. Mama mkwe amesema nisikanyage kwake, na wanangu hataki kuwaona, kwa sababu kila akiwaona anamwona mwanawe. Kila anayekutana nami ananiuliza swali lile lile. Ulipitaje getini? Nikiwaambia niliambiwa, wanasema lete ushahidi."

Orodha alisema tutafuatilia. Ndicho alichosema, tutafuatilia, halafu akaenda stoo.

Tulifuatilia kwa namna ya ofisi. Daftari la simu la Ijumaa ile halikuwa na kitu. Sauti zinazorekodiwa hufutwa baada ya siku thelathini. Simu ya mama yule ilionyesha kwamba alipiga na kuzungumza dakika moja na kitu, lakini mwanasheria wa kampuni akasema hiyo inaonyesha kwamba alipiga, haionyeshi aliambiwa nini. Mkuu wa kitengo akasimama katikati ya chumba akauliza kama kuna aliyepokea simu hiyo. Mpokea simu akaapa kwamba siku hiyo alikuwa kwa daktari wa meno na shavu lake lilivimba mpaka Jumapili. Orodha akanitazama. Nami nikatazama faili lililokuwa mbele yangu, nikafungua ukurasa.

"Basi hakuna kumbukumbu," mkuu alisema. "Na tukiandika barua ya namna hiyo tumejitia kitanzi wenyewe. Huyo leo anataka barua, kesho atakuja na wakili."

Alikuja peke yake. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alikuja, asubuhi, kabla dirisha halijajaa. Wenzetu wakampa jina, Mama Barua, wakawa wanalitamka na kucheka chini kwa chini. Orodha akimwona kupitia kioo cha dirisha anaingia ngazini, anainuka na kwenda stoo, na mimi ndiye niliyekuwa nabaki kumpokea. Nilimwambia bado tunafuatilia. Nilimwambia mkuu yuko safarini. Safari moja nilimfokea, nikamwambia kama hana imani nasi aende anakojua, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitarudi mwezi ujao, dada." Nilikuwa nimemfokea mtu ambaye ukweli wake nilikuwa nao kifuani.

Mnaweza kuuliza kwa nini Orodha hakusema. Nami nilijiuliza hivyo, na nikamuuliza. Alikuwa na binti sekondari, cherehani ya mkewe ilikuwa inalisha nusu tu ya nyumba, na angemwaga unga siku hiyo hiyo. Hizo ndizo sababu alizonipa. Lakini nilimjua. Kilichomfunga mdomo hasa ni kwamba maisha yake yote aliamini anawapunguzia watu kuzungushwa mjini na mgonjwa mgongoni. Kusema kulikuwa ni kukubali kwamba yeye ndiye aliyemzungusha huyu.

Badala ya kusema, alianza kuisikia ile tik, tik kila mahali. Kwanza aliitoa betri saa ya ukutani ofisini kwetu, akasema imeharibika. Kisha nikasikia kwamba na ya nyumbani kwake ameitoa. Bomba la jikoni lililokuwa linadondosha alilifunga kwa raba ya baiskeli, akalifunga tena, likaendelea kudondosha, akaenda kuzima maji ya nyumba nzima. Kwenye gari la mtu alikuwa hapandi tena. Akipewa lifti anasema daktari amemshauri kutembea. Simu ya mezani kwake ikilia alikuwa anasimama wima kabla ya kuipokea, na akishaipokea anakaa kwanza anasikiliza, huku anayepiga anasema haloo, haloo, upo?

Jumapili alikuwa anakwenda mtaani kwa yule mama. Hili aliniambia mwenyewe, bila kuona haya. Alikuwa anasimama mbele ya lile geti la hospitali ya karibu, anatazama magari yanavyokata kuingia. Alihesabu hatua kutoka barabarani hadi mlango wa wagonjwa wa dharura. Thelathini na nane. Kisha anatembea hadi darajani, anasimama pale katikati, anarudi nyumbani viatu vimejaa vumbi.

Mkewe akanifuata. Alikuja nyumbani kwangu Jumapili mchana, ameshika kitambaa cha mteja kisichokwisha kushonwa, akakaa kwenye kochi langu bila hata kusalimia vizuri.

"Wifi, niambie kweli. Kuna mwanamke?"

"Yupo," nilimjibu. "Lakini si kama unavyofikiri."

"Mwanamke ni mwanamke. Anamwota. Analala anasema, ingia, mama, ingia tu. Nani huyo anayekaribishwa ndani usiku kucha na mimi nimelala pale pale?"

Nikamweleza. Alisikiliza kitambaa kikiwa magotini, na nilipomaliza hakulia. Alisema alikuwa anadhani ameolewa na mtu anayeogopa saa ya ukutani, na akawa anawasimulia wateja wake wacheke. Akasema, "Mwambie akaseme. Akifukuzwa kazi, nitashona mimi." Nilimfikishia Orodha maneno hayo Jumatatu asubuhi. Aliitikia kwa kichwa, akafungua faili, na dakika kumi baadaye Mama Barua akaonekana kwenye kioo, naye akaenda stoo kama kawaida.

Halafu Mama Barua akaacha kuja. Mwezi wa kumi tangu simu ile hakuja. Nilipumua, sitadanganya. Mwezi wa kumi na mmoja hakuja tena, wala wa kumi na mbili. Wenzetu wakasema amechoka, mambo yamekwisha. Lakini Orodha alikuwa hakai. Jumatatu za kwanza alikuwa anafika kabla ya mlinzi, anasimama kwenye kioo mpaka saa nne, mpaka saa tano, wateja wanamwita yeye hana habari nao. Alikonda, kola ya shati ikawa inazunguka shingo. Zamani alikuwa anamkimbia, sasa alikuwa anamngoja, na kumngoja ndiko kulikomla zaidi.

Mwezi wa kumi na nne tangu simu ile, Orodha aliniwekea karatasi mezani. Ilikuwa barua, ameiandika kwa mkono, herufi kubwa zilizonyooka kama za daftari la mwanafunzi. Alikuwa ameeleza yote: jino la mpokea simu, waraka, saini ya sita, geti, maneno aliyoyasema. Chini ameweka jina lake, lile la kwenye kitambulisho.

"Nakala nimeweka kwa mkuu," alisema. "Nipe anwani ya yule mama, dada. Na unisindikize. Siwezi kuingia kwenye nyumba ya watu nikasema jambo hili peke yangu."

Tulikwenda Jumamosi. Anwani ya kwenye faili haikuwa yake tena. Jirani akatuelekeza mitaa mitatu mbele, kwa mama mkwe wake, ambako alikuwa amehamia na watoto. Ilikuwa nyumba ya matofali yasiyopigwa lipu, sebule ina viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, na juu ya kabati picha ya mwanamume kijana ameshika bisibisi, anacheka. Mama mkwe, mwanamke mnene wa taratibu, alidhani tumekuja kumpa pole. Alitukaribisha, akamwita mkwewe alete maji.

Mama Barua alitokea mlangoni na sinia la glasi. Alipotuona alisimama. Watoto wawili walikuwa wanacheza nyuma yake, kwenye ukumbi, na mmoja wao alikuwa anaita, bibi, bibi, njoo uone.

Orodha alisimama. Alimpa yule bibi barua, naye akaiweka pajani bila kuifungua.

"Nitaisoma baadaye, baba. Sema."

Akasema. Nilikuwa nimemsikia Orodha miaka kumi na mmoja akieleza watu mambo wasiyotaka kuyasikia, na mara zote alikuwa na kifungu cha kushikilia. Siku hiyo hakuwa nacho. Alisema, mkweo alifika getini, mama. Alitaka kuingia. Mimi ndiye niliyemwambia asiingie, na sheria ilikuwa imeshasema aingie, na sheria hiyo nilikuwa nimeitilia saini bila kuisoma. Alisema alikaa na jambo hili mwaka mzima na zaidi kwa sababu ya woga. Alipomaliza alibaki amesimama, mikono inaning'inia, na jasho limelowesha shati lote mgongoni.

Yule bibi hakumtazama yeye. Alikuwa anamtazama mkwewe.

"Lakini wewe mwenyewe ulituambia uliogopa gharama," alisema. "Ulipiga magoti hapa hapa, mbele ya shemeji zako. Ukasema, ni kweli, mama, nisamehe."

"Nilisema."

"Kwa nini ulikubali jambo ambalo hukulifanya?"

Mama Barua aliliweka sinia mezani, akazipanga glasi ingawa zilikuwa zimepangika.

"Mliniuliza kila siku, mama. Ofisi ilisema hakuna simu. Ningewajibu nini tena? Na watoto walikuwa wanamtaka bibi yao."

Kwenye ukumbi yule mtoto alikuwa bado anaita. Bibi aliinua mkono kana kwamba atamjibu, akaurudisha juu ya barua.

"Tangu ahamie hapa anapika kila siku," alisema, na sikujua anamwambia nani kati yetu. "Mimi nasema nina kiungulia. Nakula mkate na chai. Sijaonja chakula kilichopikwa kwa mkono wake hata siku moja." Kisha akanigeukia. "Na wewe, binti, umekuja kama nani?"

"Nafanya kazi naye, mama. Siku ile nilimsikia akisema kwenye simu."

"Ukafanya nini?"

"Nilienda kunywa chai."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Nilitamani anitukane. Ningejua pa kuweka uso wangu.

"Nendeni, wanangu," alisema mwishoni. Akamwambia Orodha, bila ukali wowote, "Wewe mzigo wako umeutua, baba. Mimi ndiyo kwanza naanza kuubeba wangu."

Mama Barua alitusindikiza hadi langoni, maana ndivyo anavyofanyiwa mgeni, hata mgeni wa namna yetu. Orodha alijaribu kumwomba msamaha, akawa anarudia mama, mama, bila kufika mbali. Yule mama akamsaidia.

"Niliijua sauti yako siku ya kwanza," alisema. "Uliposema karibu, mama. Uliniita mama vile vile kwenye simu."

"Mbona hukuniumbua mbele ya watu?"

"Ningesema mimi, ungekana, na wangekuamini wewe. Nilitaka useme mwenyewe. Kila mwezi nilikuja nione kama utasema. Nakuona unainuka, unakwenda ndani. Nikasema, labda mwezi ujao." Alilifungua lango, akasogea tupite. "Halafu nikachoka, kaka. Nikaja huku nikapiga magoti."

Tulitoka. Hatukuwa tumefika mbali tuliposikia yule bibi akimwita mkwewe kutoka ndani. Alimwita mwanangu. Aliita mara ya kwanza, akaita tena kwa sauti iliyopasuka katikati. Niligeuka. Mama Barua alikuwa amesikia, nilimwona amesikia, maana mkono wake ulikibana chuma cha lango. Lakini hakugeuka kuitika. Alisimama pale pale akitutazama mpaka tukakata kona.